Natumaini U Mzima

2 Februari

Mpwa wangu,

Inatangazwa kwa wanafamilia wote, walio karibu na walio mbali, walionuna na walio radhi, kwamba Katibu wa Kamati ya Familia amenunua miwani. Kuanzia leo, makosa yoyote ya uandishi yatakayoonekana katika nyaraka za familia yahesabiwe kuwa ni ya makusudi.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Natumaini u mzima, kama tulivyo wazima sisi huku. Huyo "sisi" ni mimi peke yangu, lakini ukikaa sana Bungeni unazoea wingi. Kazi ni ile ile. Nakaa katika kijichumba nyuma ya kioo, juu ya ukumbi, na vifaa vya kusikilizia masikioni. Namwashia kipaza sauti anayeruhusiwa kusema, namzimia aliyemaliza muda wake. Ningekubali kulipwa hata kidogo tu kuifanya kazi hiyo nyumbani, siku Mama Mkubwa wako anapofungua kikao.

Msalimie Bibi. Mwambie mwanawe anakula vizuri. Msalimie pia Babu wa Kofia, kama bado ana desturi yake ya kuja mwisho wa mwezi kunywa chai na kutazama dari.

Sasa jambo lenyewe. Mama Mkubwa, Mwenyekiti wetu, ameniandikia kwamba kikao cha Agosti kitakuwa na ajenda moja: nyumba ya Bibi iuzwe, Bibi ahamie kwake, na wewe uende shule ya bweni. Wapiga kura ni watatu: yeye, mimi, na Mjomba wako Kesho, aliyelipata jina hilo kwa kuahidi. Nakuarifu kwa heshima tu, kwa kuwa unaishi humo. Wewe huna kura. Una miaka kumi na sita, na Kifungu cha Nne cha katiba ya familia, niliyoiandika kwa mkono wangu kabla hujazaliwa, kinasema: "Mpiga kura ni mtu mzima, na awe mtoto wa nyumba hii."

Usipige simu. Unakumbuka tulivyogombana kwa simu mara ya mwisho hadi ikaamuliwa kwamba mambo ya familia yawe kwa barua. Kwenye barua mtu hawezi kumkata mwenzake kauli.

Ni mimi Mjomba wako,
Katibu


20 Februari

Mjomba Katibu,

Shikamoo. Hongera ya miwani. Bibi anauliza kama inakukaa vizuri au unafanana na bundi. Nimemwambia sijui. Amesema basi unafanana na bundi, maana hata marehemu Babu alipovaa miwani alikuwa bundi, na wewe umechukua pua yake.

Huku tunaendelea. Birika limevunjika mpini, tunalishika kwa kitambaa. Mjomba Kesho alifukuzwa na mkewe wiki iliyopita, akalala chumba cha mbele siku mbili, akasema kesho atatengeneza lile dirisha. Ameondoka, dirisha limebaki.

Mjomba, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha shule, na nina hoja.

Ya kwanza. Katiba inasema mpiga kura awe mtu mzima, na awe mtoto. Kwa maandishi yako mwenyewe, anayetakiwa ni mtu mzima ambaye ni mtoto. Mama Mkubwa ana wajukuu. Utoto wake umebaki kwenye kununa tu. Katika familia nzima, mwenye sifa zote mbili ni mimi.

Ya pili. Umeandika, "Natumaini u mzima." Nakujibu rasmi: Mimi ni mzima. Kwa hiyo Katibu ametumaini, na mhusika amethibitisha. Tena umesema makosa yote tangu ununue miwani ni ya makusudi.

Ya tatu si hoja, ni swali. Kura ya mama yangu iko wapi? Alikuwa mtoto wa nyumba hii, na alikuwa na kiti. Tangu afariki, kiti chake kwenye vikao hukaliwa na mkoba wa Mama Mkubwa.

Mimi ndiye najua chumba kipi kinavuja na mlango upi unafungwa kwa goti. Ninyi mnakuja mara moja kwa mwaka mnauliza choo kiko wapi. Kesho hataki nyumba iuzwe, atalala wapi akifukuzwa? Mama Mkubwa anataka. Kwa hiyo uko katikati, Mjomba. Nikipewa kura, naungana na Kesho. Je, wewe utapiga kura gani?

Bibi nimemwuliza kama anataka kuhama. Alicheka. Akasema, "Wanataka kuuza? Waache wauze." Akaendelea kukunja nguo. Moyo uliniuma, lakini sikumwonyesha.

Mpwa wako,
mzima


27 Machi

Mpwa wangu, au niseme Wakili,

Natumaini huumwi popote, unakula, unalala, na viungo vyako vyote viko mahali pake. Utaona nimelikwepa neno fulani. Nitaendelea kulikwepa hadi Agosti.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Bunge limeletewa muswada wa kushusha umri wa kupiga kura, kutoka kumi na nane hadi kumi na sita. Usidhani umeandikwa kwa ajili yako. Nasikiliza tangu asubuhi hadi jioni, masikio yamekuwa mekundu.

Acha nikupe mfano wa hoja za watu wazima, ujifunze. Mheshimiwa mmoja mnene alisimama, akasema vijana wa miaka kumi na sita hawafai kupiga kura kwa sababu watahongwa kwa soda. Akapigiwa makofi. Kikao kikaahirishwa, wote wakaenda kwenye chakula cha mchana kilichoandaliwa na kampuni inayotaka zabuni ya kuchapisha karatasi za kura. Walirudi wakiwa na msimamo mmoja kuhusu zabuni.

Mwingine akasema vijana hubadilika-badilika, leo wanataka hiki, kesho kile. Huyu namfahamu sana. Kila akihamia chama kingine huhamia kiti kingine, na mimi ndiye huhamisha jina lake kwenye kipaza sauti. Kibandiko cha jina lake hakina gundi tena.

Wa tatu, mama mmoja, aliunga mkono muswada. Alisema vijana wafanyakazi wanakatwa kodi wakiwa na miaka kumi na sita, wanaoa, wanaolewa, wanazika wazazi wao na kulea wadogo zao, lakini kwenye sanduku la kura tunawaambia rudini mkikua. Kisha mtu akakohoa, wakaendelea na mambo yao.

Sasa hoja zako. Mzima wa salamu si mzima wa katiba. Mtu akikuuliza, "U mzima?" hakuulizi umri, anauliza kama umekufa. Nilipoandika katiba nilikuwa na maana ya mtu mzima kama sheria ya nchi inavyomjua. Basi nakupa neno langu kama Katibu: tusubiri Bunge. Bunge likishusha umri, na sisi tutashusha. Likikataa, nawe utakubali na kwenda bweni bila kununa. Mama Mkubwa nimemwandikia, amekubali haraka sana. Naye, kama mimi, ana hakika utapigwa chini.

Kuhusu kiti cha mama yako, mkoba uondolewe.

Kuhusu swali lako la mwisho, mvua huku zimeanza.

Mjomba wako,
Katibu


9 Aprili

Mjomba Katibu,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima. Wewe likwepe, mimi nitalitumia.

Nimekubali masharti ya kusubiri Bunge, ingawa najua kwa nini mliyakubali haraka hivyo.

Darasani nasi tumezungumzia muswada. Mwalimu wa uraia alituambia kura ni sauti ya kila raia na lazima iheshimiwe. Akasema tufanye mazoezi kwa kuchagua kiranja wa darasa. Tukamchagua msichana mmoja mpole anayekaa nyuma, maana haandiki majina ya wapiga kelele. Mwalimu akatazama matokeo akasema, "Mmechagua vibaya. Rudieni." Tukarudia, tukamchagua yule yule. "Hamjaelewa swali," akasema. "Rudieni." Mara ya tatu kengele ya chakula ilikuwa imelia, tukamchagua yule mwalimu aliyemtaka. Akafurahi kweli. Akasema, "Mmeona? Mkipewa muda mnakomaa."

Habari za nyumbani ni nzuri. Bibi ana nguvu, anapika mwenyewe, anagombana na redio. Fundi seremala wa jirani amekuja kuweka mbao ya kushikilia kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ile ya kushukia uani. Bibi hakukubali ukuta utobolewe mpaka Babu wa Kofia aje kwanza. Alipokuja, Bibi akamwambia, "Tunaomba kutoboa hapa." Babu wa Kofia akapapasa ukuta, akafikiri, akasema, "Matundu mawili tu." Nilishangaa kidogo, lakini unamjua Bibi, ni mtu wa adabu, na yule mzee ni jamaa wa siku nyingi.

Ulivyoeleza mvua ni kama zinanyesha kwenye swali langu. Nauliza tena: wewe utapiga kura gani?

Mkoba umeondolewa kwenye kiti. Mama Mkubwa alipopita Jumapili aliuweka mezani, mbele ya kiti.

Mpwa wako


16 Mei

Wakili,

Natumaini unapumua.

Nimeisoma barua yako kwa miwani, kisha bila miwani, na imebaki ile ile. Watu hawaweki mbao ya kushikilia mahali ambapo hakuna aliyeanguka. Bibi ameanguka?

Nasubiri jibu la swali hilo moja. Wakati nasubiri, nikwambie ya huku.

Mjadala umefika kwenye akili. Mheshimiwa daktari wa kitu fulani, si cha kutibu, amesoma karatasi ndefu kwamba ubongo wa kijana haujakamilika hadi miaka ishirini na tano. Mbele yake safu nzima ilikuwa imelala. Mimi nawasikia wakikoroma mmoja mmoja, maana masikioni mwangu vipaza sauti vyote viko hai hata vikiwa vimezimwa ukumbini. Nawajua kwa mikoromo kuliko kwa hotuba. Aliyekamilika ubongo zaidi ndiye hukoroma kama msumeno.

Yuko mwingine tunamwita Mheshimiwa Chooni. Miaka yote niliyokaa hapa hajawahi kupiga kura kwenye jambo lolote gumu. Kengele ya kura ikilia, yeye hushika tumbo na kutoka. Akirudi, kura zimekwisha, naye anawaambia wa upande huu, "Nilikuwa nanyi," na wa upande ule, "Nilikuwa nanyi." Hana adui hata mmoja. Wananchi wake wanampenda, kila mara anarudi.

Mnapigiana kelele sana huko shule kuhusu haki. Mimi nilidhani hoja ya muswada ni kwamba vijana watapiga kura vibaya. Kadiri ninavyosikiliza, wasiwasi wa ukumbi huu ni kwamba watapiga kura.

Bado niko kwenye swali langu. Bibi ameanguka, au hajaanguka?

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba Katibu,

Shikamoo. Sote ni wazima.

Kuhusu ngazi, ngazi ni imara. Fundi ameipigilia vizuri na ameahidi kuikagua tena. Mbao ni nzuri, ya rangi ya kahawia. Hali ya ngazi ni ya kuridhisha na hakuna sababu ya kuwa na hofu.

Mitihani inakaribia. Paka wa jirani amezaa. Bibi anakusalimu.

Nami bado niko kwenye swali langu.

Mpwa wako


21 Julai

Wakili,

Umejibu kama waziri. Nimemwulizia mama yangu, umenipa taarifa ya ngazi. Nimekaa na barua yako muda mrefu, ndiyo maana kimya. Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikaona kwamba mtu anayeweza kuulizwa swali moja mara mbili na asilijibu mara zote mbili, huku akitoa rangi ya mbao, amekwisha kukomaa kisiasa. Hakuna cha kumsubiria.

Lakini hilo halihitajiki tena, maana Bunge limepiga kura. Nikueleze ilivyokuwa, na barua hii usimsomee mtu.

Wameletewa vifaa vipya vya kupigia kura, kimoja kila meza. Vina vitufe viwili vya kijivu, maandishi yake madogo kama mchanga. Yule mheshimiwa mnene wa soda, kinara wa kupinga, alikuwa amesahau miwani. Kengele imelia, milango imefungwa, Mheshimiwa Chooni ameshatoka. Nikamwona mnene anainamia chini ya meza na simu, spika yake imewashwa. Nikaongeza sauti kidogo, kikazi tu.

"Mwanangu," akamnong'oneza mwanawe wa miaka kumi na sita, "kile kijitabu ulichonisomea jana. Kitufe cha kukataa ni cha kushoto au cha kulia?"

"Muswada gani, baba?"

"Si ndio huo wenu wa vijana!"

Nilisikia televisheni ya nyumbani kwao, ikionyesha ukumbi wetu.

"Cha kulia, baba."

"Una hakika? Usinichezee."

"Baba, mimi ni mtoto tu, sijui mengi. Lakini hilo nina hakika."

Akabonyeza cha kulia. Cha kulia, mpwa wangu, ni cha kukubali.

Muswada umepita kwa kura moja. Mheshimiwa mnene alianza kupiga makofi kabla matokeo hayajasomwa, na yaliposomwa mikono ilibaki hewani, haijui iende wapi. Kwa hiyo ukiulizwa kama kijana wa miaka kumi na sita anaweza kupiga kura kwa busara, sema sijui. Ukiulizwa kama anaweza kupiga, amekwisha piga, tena Bungeni, na kura yake ndiyo iliyoamua.

Utaniuliza kama nilitoa taarifa. Kazi yangu ni sauti. Maana ya maneno iko idara nyingine.

Usishangilie sana. Kifungu cha mwisho kinasema sheria itaanza kutumika baada ya kutungwa kanuni, na kanuni zitatungwa baada ya uchaguzi ujao. Wakati huo wewe utakuwa umeshapita kumi na nane na utakuwa unalalamika kuhusu vijana. Lakini familia haina kanuni za kusubiri. Neno langu ni neno. Nimemwandikia Mama Mkubwa: Kifungu cha Nne sasa ni miaka kumi na sita. Una kura, kwenye kiti cha mama yako.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha ndogo iliyofungwa, ni kura yangu mimi. Ifunguliwe kwenye kikao. Kwa kuwa Mama Mkubwa haoni maandishi madogo na Kesho atachelewa, utaisoma wewe.

Natumaini u mzima. Sasa hainidhuru.

Mjomba wako,
Katibu


1 Septemba

Mjomba Katibu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Bibi ni mzima pia, nitaeleza.

Kikao kilifanyika Jumamosi, sebuleni. Mama Mkubwa alikaa kwenye kiti cha Babu. Mimi nilikalia kiti cha mama. Kimelegea mguu mmoja, sikujua. Miaka yote mkoba haukusema. Bibi alikaa pembeni akishona kifungo, kwa kuwa yeye si mtoto wa nyumba hii na kwa hiyo hana kura, kwa Kifungu chako cha Nne.

Mama Mkubwa akafungua. Alifungua kwa muda mrefu. Nilitamani ungekuwa nyuma ya kioo.

Kesho alifika katikati ya ufunguzi, akasema, "Samahani, dada, nilidhani ni kesho."

"Umeona?" Mama Mkubwa akaniambia mimi. "Huyu ndiye unaungana naye."

"Mimi siungani na mtu tumbo tupu," akasema Kesho. "Chai iko wapi?"

Tukapiga kura kwa mdomo. Mama Mkubwa: iuzwe. Kesho: isiuzwe, na dirisha atalitengeneza. Kisha nikaambiwa nifungue bahasha yako. Nikafungua mbele ya macho yao. Mjomba, ndani kulikuwa na karatasi nyeupe. Nikaigeuza, nyeupe. Mama Mkubwa akavaa miwani ya Bibi, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Imeandikwaje?" akauliza Kesho.

"Haijaandikwa," nikasema.

"Miwani mipya, na bado hakuona pa kuandika," akasema Bibi bila kuinua kichwa.

Umekwenda chooni, Mjomba. Miezi yote hii nakuuliza utapiga kura gani, kumbe ulikuwa unatafuta mlango.

Ikawa kura moja kwa kura moja, ikabaki yangu. Mimi nilipanga kuja kuwazuia tu, kusukuma mlango ambao mtu mwingine ameushika. Sikupanga mlango uwe mkononi mwangu peke yangu. Mama Mkubwa akaweka mkoba chini. Hajawahi kuuweka chini. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ambayo huwa hatumii:

"Mwanangu. Wewe ndiye unalala naye humu. Mama ameanguka, hajaanguka?"

Kesho akanikonyeza. Ningeweza kusema habari za ngazi. Ngazi ni imara kweli. Lakini hapo ndipo nilipoona ubaya wa kupewa kura: mtu akikuuliza, huwezi tena kusema hukuulizwa.

Nikasema, "Ameanguka. Mara mbili. Mara moja kwenye ngazi ya nyuma, mara moja jikoni. Sikuwaambia kwa sababu mngeuza."

Mama Mkubwa hakunigombeza. Alipangusa macho, akasema, "Mimi nilimtaka kwangu kwa ajili hiyo. Si nyumba. Hamkuniuliza hata mmoja."

Nikasema kura yangu ni hii: nyumba isiuzwe. Kesho ahamie chumba cha mbele moja kwa moja, kwa kuwa mkewe hatalalamika. Mama Mkubwa aje wikiendi kumwogesha Bibi na kutugombeza sote. Mimi nibaki shule yangu ile ile. Kile kiti kikayumba kwa mguu wake mlegevu.

Mama Mkubwa akatangaza: "Kwa kura mbili kwa moja, na karatasi moja nyeupe, nyumba haiuzwi." Aliitangaza vizuri, Mjomba, kama wale wa kwenu. Kesho akapiga makofi. Mimi nikalia. Tulikuwa familia.

Hapo mlango ukagongwa. Ni mwisho wa mwezi, alikuwa Babu wa Kofia. Kesho akamkaribisha kwa furaha.

"Karibu, mzee, karibu! Umetukuta tumeshinda. Walitaka kuuza nyumba, tumekataa!"

"Nyumba ipi?" akauliza Babu wa Kofia.

"Si ndiyo hii!"

Babu wa Kofia akatazama dari, kisha akamtazama Bibi. Akavua kofia. Hatujawahi kumwona bila kofia. Ana upara mdogo katikati, msafi. Bibi akakata uzi kwa meno, akaweka shati chini.

"Marehemu baba yenu aliona haya kuwaambia," akasema. "Nami hamkuniuliza."

Nyumba ni ya Babu wa Kofia, Mjomba. Sisi ni wapangaji.